Uthibitisho wa Fabiani

Katesh, Jumatano jioni

Mvua imenyesha tangu asubuhi, ile mvua nyembamba ya baridi isiyo na haraka. Mlima Hanang hauonekani kabisa. Tangu yale matope yaliyoporomoka mlimani yakaua watu, mvua ikikolea watu wa hapa hutoka nje wakatazama juu, hata kama hakuna cha kuona zaidi ya ukungu. Mimi leo sikutoka. Nimekaa mezani na koti la shule bado mwilini, chai imepoa, na ninaandika kwa sababu sina mtu wa kumwambia.

Sijaandika kwenye blogu hii muda mrefu. Mliozoea kusoma vituko vya mwalimu wa kutoka Muleba anayejifunza kuishi na baridi ya Manyara, leo mnivumilie. Leo hakuna kituko.

Rafiki yangu Fabiani anakufa, na mimi nimemdanganya.

Fabiani ni Mwiraki, kabila la huku Manyara, kwao ni kijiji cha Gitting. Tulisoma hisabati pamoja chuo kikuu, Dar es Salaam. Yeye alibaki chuoni akawa anafundisha. Mimi nilipangiwa shule ya sekondari huku Katesh, nyumbani kwao kabisa, na siku nafasi zilipotoka alicheka mpaka akakaa chini. "Unaenda kula viazi vyangu," aliniambia. Tangu hapo tumeendelea kufanya hisabati kwa simu, kwa barua pepe, kwa picha za karatasi zilizopigwa vibaya. Yeye ndiye mwenye kichwa. Anaona jambo linakoelekea kabla halijafika. Mimi kazi yangu ilikuwa kukagua kila hatua, kama inabeba uzito au haibebi. Kila alichoandika kilipita kwangu kwanza, na nikimwambia "hapa hapajakaa", alikuwa anafuta bila kubisha.

Hakuna mtu mwingine ambaye alifuta kitu kwa sababu mimi nimesema.

Tulichokuwa tunakitafuta nitajaribu kukieleza, kwa sababu bila hicho hamtaelewa nilichokifanya. Chukua nukta moja kwenye umbo lolote, hata pale umbo lilipojikunja au kuchongoka. Zipo fomula zinazoeleza kila kinachotokea karibu na nukta hiyo. Kila fomula ni mfululizo usio na mwisho, lakini ukijumlisha vipande vyake, jumla inatulia, inakupa namba. Kusanya fomula hizo zote, ruhusu kuzijumlisha na kuzizidisha, umepata aljebra ya kianalitiki. Sasa, kuna namna za kuzipanga upya fomula hizo bila kuvuruga kujumlisha wala kuzidisha. Kila namna kama hiyo inaitwa automofizimu. Na automofizimu hizo zikija nyingi kwa pamoja, moja ikitiririka hadi nyingine bila kuruka, jinsi gurudumu linavyozunguka, hapo tuna kundi la Lie linaloiendesha aljebra. Lie ni jina la mtu, linatamkwa Lii. Walimu wenzangu hulisoma kwa Kiingereza, kisha wananiuliza kama bado nipo kwenye kundi la waongo.

Swali letu lilikuwa hili: kama mwendo wa kundi hilo umepinda, je, tunaweza kubadili namna ya kutazama ili mwendo wote uonekane umenyooka? Kundi likiwa limefungika, kama gurudumu ambalo likizunguka linarudi lilipoanzia, jibu ni ndiyo na linajulikana zamani. Unachukua wastani wa miendo yote ya kundi, na huo wastani unanyoosha kila kitu. Lakini yapo makundi yasiyofungika, yanayovuta na kuvuta bila kurudi. Huko wastani haupo, maana hakuna mahali pa kumaliza kujumlisha. Fabiani aliamini kwamba hata huko yapo baadhi yanayonyooka. Alitaka kuonyesha ni yapi, na kwa nini.

Basi. Hisabati yote ya leo ni hiyo.

Mwaka jana alianza kupotewa na maneno darasani. Anasimama mbele ya wanafunzi, neno la kawaida kabisa linagoma kuja. Madaktari wakakuta uvimbe kwenye ubongo. Wakapasua, wakatoa walichoweza kutoa. Ukaota tena. Ilipofika mahali hakuna la zaidi, aliomba arudishwe Gitting kwa baba yake. Mkono wa kulia umelegea, sauti imekuwa ya polepole na inakatika, lakini anayemfahamu anasikia kwamba ndani bado yupo.

Mkewe, Emiliana, anafundisha darasa la kwanza. Ananiita wifi na mimi namwita wifi, kwa sababu Fabi ni kama kaka yangu. Fabiani aliposhindwa kushika kalamu, Emiliana ndiye aliyeishika. Kila jioni, watoto wake wa shule wakishaondoka na ng'ombe wakishakamuliwa, alikaa kando ya kitanda na kuandika anachoambiwa. Herufi za Kigiriki alijifunza kwa kumwangalia Fabiani akizichora hewani kwa mkono wa kushoto. Aliniambia kwa simu kwamba kuna moja anaiona kama nyoka aliyesimama, nyingine kama kijiti cha kukorogea. Hakuwa anaelewa maana yake na hakujifanya anaelewa. Aliandika.

Wiki iliyopita alinipigia. "Wifi, amesema imeisha. Anataka uje uisome wewe. Siyo mtu mwingine."

Jumamosi nilichukua bodaboda. Barabara ya kupanda Gitting ilikuwa imelowa, mara mbili nikashuka nikatembea kwenye tope huku dereva akiisukuma pikipiki. Nilikuwa na furaha. Niseme ukweli, nilikuwa na furaha kama mtoto. Nilikuwa nafikiria: huenda kweli ameipata. Huenda kichwa kile, hata kikiwa kinaliwa, kimefika tulikokuwa tunataka kufika.

Emiliana alikuwa ananisubiri kwenye kona, kabla ya nyumbani. Amejifunika kitenge kichwani, miguu imejaa tope, inaonekana amesimama pale muda mrefu. Tulikumbatiana. Halafu hakuniachia mkono.

"Wifi, nisikilize kabla hujaingia," alisema. "Daktari ametuambia tujiandae. Hali, halali, anasema mpaka wewe, Koku, usome. Nakuomba. Mwambie iko sawa."

"Pengine iko sawa kweli," nilimwambia.

"Mungu ajalie. Lakini kama haiko?"

Nilimbana mkono tu, tukatembea. Nadhani alichukua hilo kuwa jibu, na mimi nilimwacha alichukue.

Baba yake Fabiani alikuwa uani, anatenganisha viazi vya mbegu. Mzee mrefu, mkimya, blanketi begani. "Shikamoo mzee," nikamsalimia. "Marahaba, mwalimu. Karibu. Mwenzako anakungoja."

Fabiani alikuwa amelazwa karibu na dirisha. Sitaeleza alivyokonda. Alicheka aliponiona, upande mmoja wa uso. Akaonyesha karatasi kwa kidevu. Hakutaka salamu, hakutaka habari za shule. "Soma," alisema.

Nilikaa kwenye kigoda nikasoma. Mwandiko wa Emiliana, mwandiko wa mwalimu wa darasa la kwanza, kila herufi imekaa kwenye mstari wake, ya mviringo, safi, kama atakayesoma ni mtoto. Sijawahi kuona hisabati imeandikwa vizuri vile.

Na kurasa za mwanzo zilikuwa nzuri. Nataka hili lieleweke. Zilikuwa nzuri sana. Pale alionyesha kwamba kwa makundi aliyoyachagua, unaweza kunyoosha mwendo daraja kwa daraja, yaani kipande kwa kipande cha mfululizo, na kila daraja ukichagua kwa akili, halivunji lililotangulia. Sisi wawili tulikwama hapo kwa muda ambao hata sipendi kuukumbuka. Yeye, akiwa amelala pale, aliona kwamba tulikuwa tunachagua kwa mpangilio wa kinyume. Ukigeuza mpangilio, mlango unafunguka. Nilisoma mara ya pili, nikatafuta kosa kama ninavyotafuta siku zote, kwa ukali. Halikuwepo. Machozi yalinitoka. Aliyaona.

Kisha nikaingia sehemu ya mwisho.

Kunyoosha daraja kwa daraja hakutoshi. Madaraja hayana mwisho, na lazima uonyeshe kwamba ukiyajumlisha yote, jumla inatulia. Isipotulia, una fomula ya kwenye karatasi tu, haielezi umbo lolote duniani. Hapo ndipo kazi yote ilipo, na hapo ndipo tulipokuwa na hofu tangu zamani, kwa sababu katika kunyoosha unagawanya kwa namba zinazozidi kuwa ndogo, na ukigawanya kwa namba ndogo sana kila kitu kinalipuka. Fabiani alilimaliza kwa mistari michache. Aliandika: tuchukue wastani wa miendo yote ya kundi.

Nilisoma tena. Nikarudi nyuma kuangalia kama amebadilisha kundi, kama mahali fulani amesema sasa tunazungumzia makundi yaliyofungika. Hakusema. Ni yale yale yasiyofungika. Wastani aliouchukua haupo. Kila kilichofuata kilisimama juu ya kitu ambacho hakipo.

Kosa hili kama angelifanya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uzamili, Fabiani angelicheka. Ni yeye aliyenifundisha kuliogopa. Kwenye semina, mtu akitamka tu neno wastani, alikuwa anainua kichwa kuuliza, kundi ni lipi?

Nilikaa na karatasi ile mkononi. Emiliana alikuwa amesimama mlangoni na kikombe. Fabiani alikuwa ananitazama.

"Imesimama?" aliuliza.

"Imesimama," nikasema.

Neno moja. Lilitoka kwa urahisi, nilishangaa linavyotoka kwa urahisi.

Alifumba macho. Mwili wote ulilegea kama mtu aliyetua gunia. Emiliana akaweka kikombe chini, akapiga magoti, akaweka uso wake kwenye mkono wa mumewe ule usio na nguvu. Fabiani akasema aitwe baba. Mzee akaja, udongo wa viazi bado kwenye vidole, na Fabiani akamweleza kwa Kiiraki, polepole, akipumzika katikati. Sijui alisema nini. Mzee alinigeukia, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akainama kidogo. Mzee wa umri ule, kuniinamia mimi. "Asante, mwalimu," alisema. "Mimi sisomi haya mambo. Lakini mwanangu amemaliza kazi yake." Akavua kofia, akasali palepale, sala ndefu, na mimi nikaitikia amina.

Tukala. Kuku, viazi, maziwa ya mgando. Fabiani alikula vijiko kadhaa, na Emiliana alinitazama juu ya kichwa chake kwa macho ya shukrani ambayo sitayasahau. Wakati ule niliamini nimefanya vyema. Niliamini kabisa. Nilijiambia, hisabati itasubiri, mtu hasubiri.

Baada ya chakula wakatuacha wawili. Mvua ilikuwa imeanza kupiga bati.

"Nisomee," alisema Fabiani. "Sehemu ya mwisho. Nataka kuisikia kwa sauti yako."

Nilimwambia apumzike kwanza. Akatikisa kichwa. Nikasema mvua inapiga kelele, hatasikia. "Nasikia," alisema. Ningefanya nini? Nilichukua karatasi nikaanza kusoma, na nilisoma kwa sauti ya kawaida, ile ya darasani, nikitumaini bati litaifunika. Nilipofika kwenye wastani nilipita haraka.

Mkono wake wa kushoto ukainuka kutoka kwenye blanketi.

"Rudia."

Nikarudia.

Niliona macho yake yanavyotafuta, jinsi yalivyokuwa yakitafuta zamani ubaoni, yanakwenda, yanarudi. Nilitamani uvimbe ule uwe mkubwa zaidi. Mungu anisamehe, nilitamani hivyo.

"Kundi ni lipi hapo?" aliuliza.

Niliinamia karatasi.

"Koku. Limefungika?"

"Hapana."

"Uliona?"

"Niliona."

"Lini?"

"Kabla hujamwita baba."

Aligeuza uso ukutani. Mvua ilinyesha. Nilianza kuongea, nikaongea sana, kwamba nilitaka apumzike, kwamba tungerekebisha baadaye, kwamba huenda ipo njia nyingine ya kuonyesha jumla inatulia. Aliniacha nimalize yote. Kisha akasema bila kugeuka, kwa ile sauti yake mpya inayokatika:

"Mimi ni mgonjwa. Nimekosea kwa sababu naumwa. Wewe unaumwa nini?"

Nimekaa na swali hilo tangu Jumamosi.

Baadaye kidogo nilijaribu kumpa kile ambacho kilikuwa kweli. Nilimwambia, Fabi, kurasa za mwanzo zimesimama. Zile za daraja kwa daraja. Nimezikagua mara mbili, kwa ukali, hazina kosa, na ni mpya, na ni zako. Nilimwambia kwamba hata peke yake ni kazi inayostahili kuchapishwa. Nililia nikiwa nasema, kwa sababu ilikuwa kweli, kila neno.

Aligeuka akanitazama. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

"Hata ile ulisema imesimama," alisema.

Hapo ndipo nilipoelewa. Sikumnyang'anya sehemu ya mwisho, hiyo haikuwepo. Nilimnyang'anya sehemu ya kwanza. Ilikuwepo, ilikuwa nzuri, na mtu pekee aliyeweza kumwambia hivyo akaamini alikuwa mimi, na mimi sikuwa tena mtu huyo. Mimi ndiye jicho lake la kukagua. Yeye hana muda wa kutafuta jicho lingine.

Kabla sijaondoka alisema jambo moja zaidi. "Usimwambie Emiliana. Wala mzee." Na Emiliana alipoingia kunifungia karatasi, akazizungushia khanga yake mwenyewe ili zisilowe njiani, Fabiani alimtazama, akatabasamu na ule upande wake mmoja, akasema, "Umeandika vizuri kila herufi." Emiliana akacheka kwa aibu. Nilishuka Gitting na karatasi zile kifuani ndani ya koti na sikukumbuka njia.

Jumapili baada ya ibada niliwasha kompyuta, nikachapa kurasa za mwanzo zote, nikazituma kwa mwalimu wetu wa zamani wa chuo, ambaye sasa amestaafu na anaishi Morogoro. Sisi wanafunzi wake tunamwita Profesa tu. Ni mtu mgumu. Kwa muda wote aliotufundisha, sifa kubwa kabisa niliyomsikia akitoa ni "sawa". Fabiani alimwamini kwa sababu hiyo hiyo. Nilimwandikia ukweli wote, pamoja na nilichofanya. Nilimwomba asome haraka, na kama zimesimama, ampigie Fabiani mwenyewe amwambie. Kama hazijasimama, amwambie vilevile.

Jumatatu hakujibu. Jana hakujibu. Nilifundisha vipindi vyangu simu ikiwa mfukoni, jambo ambalo nawakataza wengine.

Leo, wakati wa mapumziko ya chakula, alipiga. Hakusalimia. Alisema amesoma, amelala, amesoma tena. Alisema kuna mahali alidhani amelipata kosa, akakuta kosa ni lake. "Sawa," alisema. Akaongeza, "Ni nzuri, binti yangu. Nipe namba."

Nilimwambia asubiri kidogo nimwandae mgonjwa. Nikampigia Emiliana kwa furaha. Alipokea kwa sauti ya chini sana.

Fabiani hajafumbua macho tangu jana asubuhi. Anapumua. Padri ameshapita.

Nilisimama nyuma ya ofisi ya walimu, mvua inanidondokea shingoni kutoka kwenye bati, nikamwambia Emiliana kuna mzee wetu wa chuo anataka kuongea na Fabiani, amwekee simu sikioni hata hivyo. Nikaunganisha simu zote tatu. Emiliana alifungua spika ya simu. Na Profesa, mtu yule mgumu, akaanza kuongea na mwanafunzi wake asiyejibu. Alimwita jina lake. Alimwambia, nimezisoma kurasa zako za mwanzo, za kunyoosha daraja kwa daraja. Alimweleza alipodhani pamekosewa na jinsi alivyojikuta yeye ndiye mjinga. Akasema zimesimama, kwamba yeye mwenyewe anaweka jina lake juu ya neno hilo. Akasema, wewe unajua sisemi hivi kwa watu. Sauti ikamwishia, akakata.

Nikamuuliza Emiliana, "Amefanya chochote?"

"Amepumua," alisema.

Nilikuwa nasikia kuku wao, na mtu anakohoa uani. Halafu akauliza, taratibu, kama mtu anayeokota kitu:

"Wifi, kwa nini anasema za mwanzo? Mimi niliandika zote."

Fabiani aliniambia nisimwambie. Ni ombi la mtu anayekufa. Ningeweza kusema Profesa hajamaliza kusoma. Lingetoka kwa urahisi, kama lile la Jumamosi.

"Zilizobaki hazijasimama," nikasema. "Kuna kosa. Siyo la mwandiko wako, ni la hoja."

"Uliliona Jumamosi?"

"Ndiyo."

"Yeye alijua?"

"Alilijua kabla sijaondoka. Alilipata mwenyewe."

Kisha nikasikia pumzi yake inavyovunjika.

"Kwa hiyo aliponiambia nimeandika vizuri," alisema, "alikuwa anajua."

"Uliandika vizuri, wifi. Hilo lilikuwa kweli."

"Na mimi ndiye niliyekuomba," alisema. "Pale kwenye kona. Ni mimi."

Nilimwambia hapana, mdomo ni wangu. Sijui kama alisikia. Simu ilikuwa imeshakatika, na nilipopiga tena haikupokelewa. Nimepiga tena baada ya shule. Haipokelewi. Labda ni mtandao wa mvua. Labda siyo.

Nimejaribu kuwaza kama nimemtendea Emiliana haki leo, au nimehama tu kutoka kumuumiza mmoja kwenda kumuumiza mwingine. Watu watasema mgonjwa anayekufa huambiwa anachotaka kusikia, na wengi wao ni watu wema kuliko mimi. Lakini Fabiani hakutaka kusikia kwamba iko sawa. Alitaka kujua kama iko sawa. Hayo ni mambo mawili, na katika watu wote wanaompenda, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nayajua kuwa mawili.

Kurasa zake nitazipeleka zinakostahili. Jina lake litakaa peke yake, langu sitaliweka. Pale zinapoishia nitaandika wazi kwamba hapa ndipo alipofika, na kwamba kama jumla inatulia au haitulii, bado hatujui. Jumamosi nitapanda Gitting tena, awe hai au asiwe hai, Emiliana afungue mlango au asifungue.

Na kesho kipindi cha kwanza nina kidato cha sita. Nitashika chaki, nitaandika mstari ubaoni, na yule binti wa dawati la mbele anayeuliza kila kitu ataniuliza, kama kawaida yake, "Madam, una uhakika?"

Sijui bado nitamjibu kwa uso gani.